Mguu wa Mama Haukurogwa

Tunawaandikia kutoka Katwe, hapa Kampala. Sisi ni ile familia iliyoondoka hapo kambini miaka sita iliyopita kuja kutafuta maisha mjini. Hatujambo, maisha ni yale yale ya kubangaiza. Wengi wenu mmetupigia simu mkiuliza habari za mguu wa mama, na kila mtu tulimjibu nusu nusu kwa sababu tulikuwa na haya. Sasa sisi watoto wake tumekaa, tumekubaliana na mama mwenyewe, tukasema tuandike yote mara moja, hata yale yanayotuaibisha.

Kwanza mjue Katwe kulivyo, maana mguu huu una historia ya mahali. Hapa asubuhi hauamshwi na jogoo, unaamshwa na nyundo. Kutoka barabara ya Katwe mpaka karibu na Ndeeba ni mafundi wa vyuma tu: masufuria, majiko, milango ya geti, mashine za kusaga, pampu, na kila aina ya kipuri ambacho kwingine wamekwambia hakipatikani. Sisi tunakaa watu saba katika muzigo mmoja, yaani chumba kimoja cha kupanga, pembeni ya bonde, na mvua ikinyesha sana maji yanakuja kutusalimia mlangoni. Yaya wetu mkubwa anachomelea vyuma gereji moja hapa karibu. Anasimama kutwa. Mama anauza bitenge.

Mnaojua kazi ya bitenge hamhitaji maelezo. Unaweka begani vipande kumi, kumi na tano, unapanda Makindye, unateremka Nsambya, unakata Kibuye, unarudi jioni na vumbi na labda umeuza viwili. Siku ambazo mwili umechoka, mama alikuwa hatembei, alikuwa anasimama mahali pamoja kando ya barabara toka saa moja asubuhi mpaka giza. Sisi tulidhani siku hizo anapumzika. Kumbe hizo ndizo zilikuwa mbaya zaidi, lakini hilo tulikuja kulijua baadaye.

Mama amezaa mara sita. Toka uzazi wa nne alikuwa na mishipa iliyovimba nyuma ya mguu wa kushoto, imejipinda kama minyoo chini ya ngozi, ya rangi ya bluu. Yeye alikuwa anasema ni alama ya uzazi, kama mistari ya tumboni. Jioni mguu unakuwa mzito kama umefungwa tofali, kifundo kinajaa, ukibonyeza kidole kinaacha shimo. Asubuhi uvimbe umekwisha, basi na wasiwasi unakwisha. Baadaye ikaja kuwashwa, anajikuna usiku mpaka tunaamka. Halafu ngozi ya upande wa ndani, juu kidogo ya kifundo, ikaanza kuwa nyeusi kama iliyopigwa moshi, na ngumu. Miaka na miaka hiyo yote hakuna aliyesema ni ugonjwa. Sisi watu wa vita tunahesabu ugonjwa kile kinachokulaza chini. Kinachokuacha utembee ni uchovu tu.

Siku moja akipita kwenye gereji, kipande cha bati kikamkwaruza hapo hapo penye ngozi nyeusi. Kidonda kidogo, kama ukucha wa kidole gumba. Kwa mtoto kingepona wiki moja. Kwa mama kikafika mwezi, kikawa kama sarafu ya shilingi mia tano, kikafika miezi minne, kikawa kama kiganja. Kinatoa maji, kinanuka, na ngozi yote inayokizunguka inawaka.

Tulifanya kila kosa ambalo mtu anaweza kufanya, na tunaliandika ili kosa hilo libaki kwetu. Duka moja la dawa lilituuzia vidonge vya rangi mbili, tukaambiwa nusu ameze na nusu tufungue tumwagie unga juu ya kidonda. Tukafanya hivyo kwa miezi. Tukamkanda kwa maji ya moto yenye chumvi, mguu ukavimba zaidi. Tukamfunga kitambaa chini tu ya goti, kukaza kabisa, tukisema tunazuia ubaya usipande. Tukamwambia asitembee, akae kwenye kigoda mlangoni. Akakaa, miguu inaning'inia, kutwa nzima.

Na kisha tukafanya lile kubwa. Katika uwanja wetu kulikuwa na mama mmoja, mama wa mapacha, mtu wa kwetu kabisa, wa upande wa Kivu kama sisi. Alikuwa amegombana na mama juu ya foleni ya maji bombani, maneno ya kawaida ya wanawake wawili wenye madumu na haraka. Kidonda kilipokataa kupona, mtu akasema, na hatukumbuki tena nani alianza, kwamba mama alikanyaga kitu. Kwamba kiliwekwa mlangoni usiku. Mnajua neno kama hilo linavyotembea. Halihitaji miguu. Mganga wa kienyeji akathibitisha, akachukua pesa, akachanja, akachukua pesa tena. Kapitali ya bitenge ikaisha yote. Sisi tukaacha kumsalimia mama wa mapacha, watoto wetu wakaacha kucheza na watoto wake, na mwenye nyumba alipoanza kusikia neno uchawi katika uwanja wake, hakutaka kuchunguza. Mama wa mapacha akahama.

Kidonda hakikuhama naye.

Aliyetutoa gizani ni musawo mmoja katika kituo cha afya cha serikali. Musawo ni neno la hapa, Waganda wanamwita hivyo daktari na muuguzi pia. Tulichelewa kwenda kwa sababu tulidhani mkimbizi asiye na pesa anarudishwa getini. Si hivyo. Hapa Uganda mkimbizi anapokelewa katika vituo vya serikali kama mwenyeji, na ada za matibabu kwenye vituo hivyo ziliondolewa mwaka 2001, ingawa vifaa vingine unaweza kuambiwa ukajinunulie nje. Kwa sisi wa Katwe vilivyo karibu ni Kisenyi, na ukielekea upande wa Salaama kuna hospitali ya Kiruddu. Kinachosumbua zaidi ni lugha. Mama anasema Mashi na Kiswahili, akamchukua mdogo wetu wa darasa la sita amtafsirie. Mama akasema mguu unawaka moto. Mtoto akamwambia musawo mama ana homa. Wakataka kumpima malaria! Tokea siku hiyo anakwenda na mtu mzima.

Yule musawo hakuanza na kidonda. Alimwambia mama asimame, akatazama mishipa yote miwili miguu. Akagusa juu ya unyayo na nyuma ya kifundo kutafuta mapigo ya damu, taratibu, kama mtu anayesikiliza redio ya mbali. Akapima sukari. Akauliza uzazi, akauliza kazi, akauliza kama bibi yetu alikuwa na miguu kama hiyo. Ndiyo, alikuwa nayo. Ndipo akasema, "Nyabo, shida yako haiko kwenye ngozi. Damu yako inashuka vizuri, lakini inashindwa kupanda."

Yaya alikuwa pale siku hiyo, na yeye ndiye aliyeelewa wa kwanza, kwa sababu anatengeneza pampu. Tutawaeleza kama alivyotueleza sisi usiku ule.

Moyo unasukuma damu kwenda miguuni kwa mishipa ya ateri. Kushuka si kazi. Kazi ni kurudi, kutoka kifundo cha mguu mpaka moyoni, mlima mtupu, kama kubeba maji kutoka bondeni kwetu kwenda juu Makindye. Mishipa ya kurudisha damu inaitwa vena, na moyo peke yake hautoshi kuivuta. Inayosukuma ni misuli ya ndama ya mguu. Kila ukipiga hatua, msuli unakaza, unakamua vena, damu inaruka juu. Na ndani ya vena kuna vali, vimilango vidogo vinavyofunguka kwa juu tu. Damu ikipita, vinafunga, isirudi. Ni pampu kamili, na vali zake, sawa na ile ya baiskeli. Sasa vali ikilegea, kila fundi wa Katwe anajua matokeo: unapampu, unapampu, vinarudi chini. Damu inajaa kwenye vena, vena inatanuka, vali ya chini nayo inashindwa kufunga, na shida inashuka ngazi kwa ngazi mpaka kifundoni. Huko damu iliyosimama inabana mishipa midogo, maji yanavuja nje ndiyo uvimbe, chembe nyekundu zinavuja na kuacha chuma chake ndani ya ngozi ndiyo ule weusi, na ngozi inakosa lishe. Ngozi ya namna hiyo ikikwaruzwa haina nguvu ya kujifunga. Bati halikuleta kidonda kile, lilifungua mlango tu.

Ukitaka kuona vali zako mwenyewe, mtafute mtu mwenye mishipa inayoonekana vizuri mkononi. Aning'inize mkono. Bonyeza mshipa kwa kidole kimoja, na kwa kidole cha pili sukuma damu kuelekea kiwiko, kisha uondoe hicho cha pili. Mshipa unabaki mtupu, hairudi damu kutoka juu. Ondoa na kile cha kwanza, unajaa papo hapo kutoka chini. Mchezo huu ni wa zamani. Fabricius, mwalimu wa Padua kule Italia, aliandika juu ya vimilango hivyo mwaka 1603, na mwanafunzi wake William Harvey, Mwingereza, akatumia jaribio hilo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1628 kuonyesha kwamba damu inazunguka. Watoto wetu walilifanya jioni nzima, na sisi wakubwa pia.

Na hapa ndipo tulipoelewa habari ya kusimama. Ile presha mnayopimwa kliniki, mnayoambiwa 120 kwa 80, hiyo ni ya ateri. Kwenye vena za kifundo, mtu mzima akisimama bila kutikisika, kipimo kinafika karibu 90. Akianza kutembea na vali zake ni nzima, kinashuka mpaka 30 au chini ya hapo. Kwa hiyo kutembea Makindye na bitenge kulikuwa kunamsaidia mama, na kusimama kando ya barabara kulikuwa kunammaliza. Na kile kigoda tulichomwekea kwa huruma, miguu chini toka asubuhi, tulikuwa tunamuumiza kwa mikono yetu. Ninyi hapo kambini mnajua kusimama: foleni ya mgao, foleni ya maji, foleni ya karatasi. Ukiwa kwenye foleni, inua visigino na kushusha, inua na kushusha. Watu watacheka. Pampu yako inafanya kazi.

Musawo alituambia dawa ya kwanza ya kidonda cha namna hii ni bendeji ya kubana, vidonge vinakuja nyuma. Tulishangaa, maana tulikuwa tumeshamfunga! Lakini tulimfunga juu tu, chini ya goti, na hiyo ni kama kuweka bwawa: maji yote yanabaki chini. Bendeji ya kuvutika inaanza pale vidole vya mguu vinapoanzia, inapita unyayo, kisigino kinafunikwa, inapanda mpaka chini ya goti. Kifundoni inakaza zaidi, na kadiri inavyopanda inalegea. Inafungwa asubuhi kabla mtu hajashusha miguu kitandani, uvimbe ukiwa haujashuka.

Hilo la kukaza chini na kulegeza juu lina hadithi tuliyoipenda. Conrad Jobst alikuwa mhandisi mzaliwa wa Ujerumani aliyeishi Toledo, Marekani, naye miguu ilikuwa inamtesa kama ya mama. Akagundua akisimama ndani ya bwawa la kuogelea anapata nafuu. Akajiuliza kwa nini. Maji, kadiri unavyokwenda chini, ndivyo yanavyobana zaidi. Kifundo kinabanwa sana, goti kidogo. Karibu na mwaka 1950 akatengeneza soksi zinazobana kwa mpango huo huo wa maji, na mpaka leo soksi za wagonjwa wa vena zinafuata mpango huo.

Lakini tafadhali, wasomaji wetu, msikimbie kufunga kila mguu mnaouona. Ndiyo maana yule musawo alitafuta mapigo kwanza. Kuna watu ambao ateri zao ndizo zimeziba, damu haishuki vizuri, hasa wazee, wavuta sigara na wenye sukari. Mguu wao ni baridi, unauma hata ukiinuliwa, mapigo hayasikiki. Huyo ukimbana unamnyima hata ile kidogo aliyo nayo, na mguu unaweza kufa. Kwa hiyo apimwe kwanza. Na hata aliyepimwa, vidole vikiwa baridi, vikibadilika rangi au vikifa ganzi, bendeji ifunguliwe hapo hapo.

Tena si kila kidonda cha mguu ni cha vena. Nchi hii ya Uganda ina historia yake ya vidonda, na sisi wakimbizi tumo ndani yake. Kutoka kwetu Katwe ukitazama juu unaona kilima cha Namirembe, na hapo iko hospitali ya Mengo. Daktari wake wa kwanza, Albert Cook, mwaka 1897 aliandika habari za wagonjwa wenye vidonda vikubwa vya ajabu. Baadaye ugonjwa huo ukaitwa Buruli, jina la sehemu moja ya Uganda karibu na mto Nile. Na miaka ya 1960 kuelekea 1970, waliouugua sana walikuwa wakimbizi wa Rwanda waliowekwa Kinyara. Madaktari walijifunza mengi juu ya Buruli kutokana na miguu na mikono ya wakimbizi wale, na wengi walikuwa watoto. Kidonda cha Buruli mara nyingi huanza kama uvimbe usiouma, na kingo zake zimechimbika chini. Hicho kinatibiwa kwa dawa za kuua vijidudu, siku hizi kwa wiki 8, na bendeji peke yake haikisaidii. Kuna pia miguu inayovimba kama ya tembo kwa sababu ya kukanyaga udongo mwekundu bila viatu. Mwaka 2015 ndiyo iliyokutwa Kamwenge, wilaya yenye kambi ya Rwamwanja, na kabla ya hapo watu walidhani ni ule mwingine unaoletwa na mbu. Wenye selimundu nao wanapata vidonda vya kifundo, wakiwa bado vijana. Jicho la jirani haliwezi kutenganisha hayo yote. Letu lilishindwa.

Na kuna hatari moja ambayo haingoji. Mguu mmoja ukivimba ghafla, ukauma ndamani na kuwa wa moto, hasa baada ya kujifungua, baada ya operesheni, au baada ya safari ndefu ya kukaa bila kujinyoosha, huenda damu imeganda ndani ya vena ya chini kabisa. Msiukande. Msiuchue kwa mafuta. Kipande kikikatika kinapanda mpaka kwenye mapafu, na mtu anashindwa kupumua. Huyo anapelekwa hospitali siku hiyo hiyo, usiku ukiwa usiku. Vilevile mshipa uliovimba ukipasuka, damu inaweza kutoka nyingi ya kutisha: mlaze chini, inua mguu juu, bonyeza kwa kitambaa safi, bila kamba, kisha mpeleke.

Turudi kwa mama. Tulipewa kazi, na kazi yenyewe ilikuwa ya kuchosha kuliko mganga. Kidonda kinaoshwa kwa maji safi yaliyochemshwa na kupoa, bila unga wa vidonge, bila majani, bila mkaa. Alichomwa sindano ya pepopunda. Vidonge vya kuua vijidudu alipewa mara moja tu, wakati ngozi ya pembeni ilipokuwa nyekundu, ya moto, na mwenyewe ana homa kweli, siyo ile ya mtafsiri. Kitambaa safi kinakaa juu ya kidonda, halafu bendeji. Tulinunua bendeji mbili, moja mguuni na moja kwenye kamba inakauka. Mchana mara tatu au nne analala nusu saa miguu ikiwa juu kuliko moyo. Yaya alichomelea vyuma vinne akainua kitanda upande wa miguu, matofali ya kwanza yalikuwa yanateleza.

Tulitegemea kupona ndani ya wiki mbili. Mwezi wa kwanza hakuna kilichobadilika isipokuwa maji yalipungua. Mama akasema tumuache tu. Dada yetu mmoja alilia, akasema watamkata mguu. Mwezi wa pili harufu ikaisha. Mwezi wa tatu pembeni ikaanza kuota ngozi nyembamba ya waridi, na tulikuwa tunaipima kwa uzi, kila Jumamosi, tunafunga fundo pale ilipofika. Uzi huo tunao. Mwezi wa saba kidonda kilifunga.

Kufunga si kwisha. Vali zilizolegea hazikazi tena, na hakuna mafuta ya kupaka wala chai ya majani inayozirudisha, hata kama muuzaji wa barabarani ana kipaza sauti. Kidonda hiki kinapenda kurudi, kwa hiyo soksi au bendeji ni ya maisha. Musawo alituandikia barua ya kwenda Mulago, huko wana mashine inayotazama damu ikipita ndani ya mshipa bila kukata. Kuna operesheni ya kufunga vena mbovu na kuitoa, kuna sindano ya kuifanya ijizibe, na kuna ya kuichoma kwa ndani kwa joto, bila kisu kikubwa. Damu haipotezi njia, inapita kwenye vena nyingine nzima. Huko Uingereza walifuatilia wagonjwa 450 wenye vidonda kama cha mama, matokeo yakatangazwa mwaka 2018: waliotibiwa vena mapema pamoja na bendeji, nusu yao walikuwa wamepona ndani ya siku 56, na waliocheleweshwa, siku 82. Sisi tumeshakwenda mara mbili, tunaendelea kufuatilia. Mama anaogopa kisu, na hatumlazimishi. Ila dada yetu wa pili, ambaye baada ya mtoto wa pili naye mishipa imeanza kujitokeza, ameshaanza kuvaa soksi na hataki kusubiri bati.

Limebaki la mama wa mapacha. Tuliuliza uliuliza tukaambiwa anakaa Ndejje. Mama akasema twende, na atakwenda kwa miguu yake mpaka stendi. Tukamkuta anafua. Hakutukaribisha ndani, alitoa mkeka barazani, akaleta maji ya kunywa kama heshima inavyotaka. Mama alisema maneno yote bila kuzunguka: nilikusingizia, watoto wangu walikusingizia, ulihama kwa ajili yangu, na ilikuwa damu yangu mwenyewe. Yule mama alinyamaza sana. Halafu akauliza, "Mguu umefunga?" Mama akafungua bendeji akamwonyesha lile kovu. Akaliangalia. Akasema, "Basi vizuri." Kitenge tulichompelekea alikipokea kwa mikono miwili, akakiweka juu ya ndoo, hakukifungua.

Hiyo ni miezi miwili sasa. Juzi mmoja wa mapacha alimpigia mdogo wetu kumuuliza habari za mpira. Mama yeye anauza tena, ana meza ndogo karibu na gereji ya yaya, na akisimama mnunuzi anachagua rangi, yeye anapanda na kushuka kwa visigino. Mafundi wanamwita fundi wa pampu. Leo ni zamu yetu ya kufua bendeji, na mawingu yamejaa upande wa Nsambya, kwa hiyo tunaishia hapa tukaianike kabla mvua haijafika.